Zabuni ziende mtandaoni, ila mirathi na minada msitufichie huko

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua hii ni ndefu kuliko mnavyopenda, mkilazimika kukata kateni huku juu, chini msiguse.

Kuna hoja naisikia kila kona siku hizi, kwamba matangazo ya kisheria ya serikali na mahakama yaachane na magazeti yawekwe kwenye tovuti basi, gazeti gharama, alafu eti nani ananunua gazeti wakati kila mtu ana simu janja mfukoni. Mimi nina steshenari hapa Korogwe, karibu na mahakama, natoa kopi, nachapa barua na viapo, naskani vyeti, na mbele ya mlango kuna meza ndogo ya magazeti, kwahiyo haya matangazo yanapita mikononi mwangu kila wiki. Anayetangaza anakuja kwangu, na aliyetangaziwa akachelewa naye anakuja kwangu huyohuyo, ila yeye anakuja analia. Hiyo hoja naikubali nusu. Nusu ya pili ikipita kama ilivyo kuna watu watapoteza nyumba na viwanja na hata siku waliyopoteza hawataijua.

Nianze na nusu ninayoikubali maana haina maneno mengi. Zabuni zilishahama na zimehama vizuri. Zamani ulikuwa unafungua gazeti unakuta kurasa kwa kurasa ni zabuni, sahivi toka 2023 mzabuni anaingia NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, amejisajili, anaona, anaomba humohumo. Kazi za serikali ziko Ajira Portal, na sijaona kijana hapa mjini asiyejua njia ya kuingia, wengine wanakuja kuskani vyeti saa moja asubuhi nafagia hata meza sijaweka. Hukumu za mahakama ziko TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu, bure kabisa. Miswada iko tovuti ya Bunge. Hapo hakuna anayelilia gazeti na mimi silii.

Lakini angalieni ni nani anayasoma hayo. Mkandarasi anatafuta kazi, kijana anatafuta ajira, wakili anatafuta hukumu ya kumsaidia kesho. Wote hao wanajua wanatafuta nini na wanajua pa kukitafuta, maana lile tangazo lina kitu cha kuwapa. Sasa kuna tangazo la aina nyingine ambalo lina kitu cha kumchukulia mtu, na huyo mtu hatafuti chochote, yuko zake shambani Mombo au yuko kwenye kazi yake Dar, hajui kama kuna jambo. Nani anaamka asubuhi anawasha data anaingia tovuti ya mahakama kuangalia kama leo kaka yake kaomba kusimamia mirathi ya baba yao kimyakimya? Hakuna. Hata waheshimiwa wanaoandika hizo sera hawafanyi hivyo, niaminini.

Chukueni hati zilizopotea. Msajili wa Hati anatoa taarifa chini ya Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi, Sura ya 334, kwamba hati ya kiwanja namba fulani kitalu fulani imepotea, na kwamba anakusudia kutoa mpya kama hakuna kipingamizi ndani ya mwezi mmoja, na ile ya zamani ikionekana irudishwe kwake. Wasomaji wenu wengi wanaliruka hilo tangazo maana limeandikwa vilevile miaka nenda rudi, kinachobadilika ni majina na namba tu. Na mara nyingi hati imepotea kweli, nyumba imeungua, maji yameingia, mchwa wamekula. Ila kuna hati nyingine haijapotea popote, ipo kwenye sanduku la mke mkubwa, au ipo kwa mtu aliyeuziwa kiwanja kwa karatasi za mkono miaka hiyo akapewa na hati akae nayo, na aliyekwenda polisi kuchukua ripoti ya upotevu anajua fika ilipo, hata rangi ya hilo sanduku anaijua. Kinga ya yule mama ni moja tu, tangazo limfikie kabla mwezi haujaisha. Likipita bila yeye kujua inatoka hati mpya yenye mhuri halali kabisa na aliyeshika ya zamani ndo anaanza kuzunguka mahakamani kama mwizi.

Minada ndo usiseme. Ile sheria kongwe ya minada, Sura ya 227, inataka ardhi isiuzwe kwa mnada mpaka zipite siku 14 toka tangazo litolewe, na litolewe mji mkuu wa wilaya na palepale mnada utakapofanyika, liwe na Kiswahili na sio Kiingereza peke yake, na kuna kipengele ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, kwamba lisitolewe kwa maandishi tu, litolewe pia kwa njia ambayo mtu asiyesoma ataielewa. Someni tena hapo. Walioandika hiyo sheria hawakuwa na intaneti wala redio ya maana lakini walishajua kwamba kuna raia karatasi haimfikii na wakamwekea njia yake. Leo sisi wenye minara kila kilima ndo tunataka turudi nyuma tuseme kama hujui kufungua pdf shauri yako. Tangazo la mnada kukaa kwenye tovuti peke yake ni sawa na kulibandika sebuleni kwa dalali, kweli lipo, na mlango uko wazi, ila nani ana shughuli ya kuingia humo.

Na utwaaji wa ardhi. Sheria ya 1967, Sura ya 118, inasema mwenye ardhi anapewa muda usiopungua wiki 6 za kuiachia, na hizo wiki zinahesabiwa toka siku notisi ilipotoka kwenye Gazeti la Serikali, lile toleo rasmi la matangazo ya serikali, sio gazeti la habari. Gazeti la Serikali linatoka Ijumaa. Mhariri, hebu waulize wauza magazeti wenu wa nchi nzima ni wangapi wamewahi kuletewa Gazeti la Serikali mezani, mimi kwangu halijawahi kufika. Sheria inataka pia watu wapelekewe notisi mkononi, sawa, lakini wanapelekewa wale wanaojulikana, sio mjane ambaye shamba bado lina jina la marehemu. Kwahiyo kilichobaki kumfikishia huyu habari ni gazeti la kawaida na ubao wa ofisi ya mtaa, na sasa tunaambiwa na gazeti nalo tuliondoe.

Najua swali linalofuata, kwani huyo mjane ndo anasoma gazeti? Hasomi. Hili wengi hawalielewi na ningeomba mnivumilie hapa. Tangazo la gazetini halifanyi kazi kwa sababu mhusika ameinunua nakala, linafanya kazi kwa sababu limeonwa na mtu mwingine anayemjua mhusika. Kaeni kwenye meza yangu asubuhi moja mtaona. Gazeti likishuka kwenye basi wa kwanza kulishika ni walimu na makarani, ananunua mmoja kwa buku wanasoma wanane. Mchana liko kwa kinyozi. Jioni liko kijiweni kwa bodaboda wanaoanza na michezo alafu, abiria wakikosekana, wanasoma mpaka matangazo ya vifo na mirathi, na hapo ndo mmoja anasema we, huyu marehemu si yule mzee wa Manundu, mbona watoto wake wako wengi hapa limeandikwa jina la mmoja. Simu inapigwa. Nimeona hiyo ikitokea mbele ya macho yangu zaidi ya mara moja, kuna mdada alifika kwangu na kipande cha gazeti kilichofungiwa mihogo, kimelowa mafuta, anataka kopi yake ipelekwe mahakamani kwa ajili ya pingamizi, na jina la baba yake linasomeka vizuri tu katikati ya doa. Printa yangu ilichafuka siku hiyo, ila pingamizi liliingia kabla ya muda. Tovuti haina wapita njia wa namna hiyo. Anayefungua ukurasa wa tovuti amekusudia kuufungua huohuo, na asiyekusudia haoni hata kichwa cha habari.

Alafu hao wanaosema kila mtu ana simu naomba wawe wakweli. Wanatuletea takwimu za intaneti za TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, lakini zile zinahesabu laini sio vichwa, kuna kijana mmoja hapo nje ana laini 3 na kuna nyumba nzima haina hata moja ya bando. Na mwenye bando anakaa WhatsApp na Facebook, huko halmashauri haendi. Mimi nikilazimika naingia, na nikiingia kwenye tovuti ya halmashauri fulani ambayo siitaji naambiwa habari mpya, nabofya, habari mpya ni Mwenge wa Uhuru wa mwaka juzi. Nabofya matangazo, linashuka faili linaitwa scan0034, ni picha imepigwa kichwa chini, huwezi hata kutafuta jina ndani yake kwa sababu kompyuta inaona picha haioni maneno. Mteja amenilipa mia tano nimtafutie, nimemaliza bando la elfu moja.

Kuna jambo jingine halisemwi sana na kwangu mimi ni zito kuliko hata la kusoma. Ushahidi. Gazeti likishachapwa na kusambaa limeshatoka mkononi mwa kila mtu, hakuna bosi anayeweza kupiga simu usiku akasema badilisha tarehe ya jana. Wakili anakata kile kipande anakiambatanisha kwenye kiapo, hakimu anakiona, tarehe iko juu ya ukurasa, kesi inaendelea. Tovuti inamilikiwa na ofisi ileile inayotangaza, na wakati mwingine ndo ofisi ileile inayotaka hicho kiwanja. Leo tangazo halipo, siku 20 baadae lipo na lina tarehe ya mwezi uliopita, wewe utathibitisha vipi? Ndiyo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imekubali ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama inataka kujua huo ushahidi umetengenezwaje, umetunzwaje, umefikaje pale, sasa raia mwenye skrinishoti kwenye simu ya kuazima ajibu nini? Na tovuti zikitengenezwa upya, jambo ambalo linatokea kila akija mkuu mpya, linki zote za zamani zinakufa. Nilishawahi kutafutiwa na kijana mmoja wa sheria Gazeti letu la Serikali la miaka ya nyuma, tumelipata kwenye tovuti inayokusanya magazeti ya serikali za Afrika nzima inayoendeshwa na watu wa Afrika Kusini. La kwetu sisi, limetunzwa Afrika Kusini. Jirani zetu Kenya wao Gazeti lao wameliweka Kenya Law, unafungua unasoma bure toka enzi za mkoloni, na hata hivyo kwa hati iliyopotea sheria yao ya usajili wa ardhi ya 2012 bado inataja Gazeti na magazeti mawili ya kawaida na siku 60 za kusubiri. Sisi mwezi mmoja, wao siku 60. Hilo nalo lingefaa lijadiliwe siku moja ila sio leo.

Sasa msije mkafurahi sana Mhariri, maana na nyie magazeti nina kesi nanyi. Mna maslahi kwenye hili jambo na kila mtu anajua, tangazo ni hela, mnauza kwa sentimita na safu, na mjane anayetakiwa na mahakama kutangaza mirathi ya mumewe aliyeacha baiskeli na nyumba ya vyumba viwili anaambiwa bei anakaa chini. Wengine wanaacha mirathi hapohapo, miaka inapita, nyumba inagombaniwa na wajukuu. Alafu mnayachapa kwa herufi ndogo ambazo hata mimi mwenye miwani nasogeza dirishani. Na kuna mchezo mmoja mnaujua na mnaufumbia macho, mtu anayetaka tangazo lisionekane anachagua gazeti la Kiingereza, au kigazeti ambacho kinachapwa nakala kidogo na hakivuki Chalinze, analipa, anapewa risiti na nakala yake, anapeleka mahakamani, sheria imetimizwa kila kitu safi. Familia nzima iko Lushoto haisomi Kiingereza. Anayetetea tangazo la gazetini bila kuugusa huo mchezo anatetea hela yake tu.

Kwahiyo mimi sisemi gazeti ni malaika. Nasema usimtoe mlinzi mmoja mlemavu kabla hujaleta mwingine, na mwingine anawezekana kabisa maana serikali yetu ikitaka kukupata inakupata. Mwaka 2021 walipoamua kodi ya jengo ilipwe kupitia LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, waliipata kila nyumba yenye mita nchi hii ndani ya muda mfupi, nyumba ya kawaida elfu moja kila mwezi, baadae ikawa elfu moja mia tano, na hakuna aliyeambiwa aingie kwenye tovuti kuangalia kama anadaiwa. Hela inakatwa ukinunua umeme. (Wapangaji ndo wanaokatwa wengi, ila hiyo barua nyingine.) Mwaka 2022 tukafanya anwani za makazi, nyumba zikabandikwa namba mpaka za vichochoroni. NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wana alama zetu za vidole na laini zetu zimesajiliwa kwa hizohizo. Sasa mfumo unaojua mita yangu, namba ya nyumba yangu na kidole changu unashindwaje kunitumia meseji moja ya kawaida, isiyohitaji bando, kwamba kiwanja kitalu fulani mtaa wako kimeombewa hati mpya, una mwezi mmoja, nenda ofisi ya mtaa?

Nimesoma kwamba Marekani jimbo la Florida walipitisha sheria 2022 ikaanza Januari 2023, inaruhusu ofisi za serikali kuweka matangazo kwenye tovuti ya kaunti badala ya gazeti kama gharama yake ni ndogo zaidi. Watetezi wa tovuti wanapenda kutaja hiyo habari wakaishia hapo. Hawamalizii kwamba sheria hiyohiyo inailazimisha ofisi inayotumia tovuti kutangaza walau mara moja kwa mwaka, gazetini au kwenye chapisho linalopelekwa kwa wakazi wote, kwamba mkazi yeyote anaweza kujiandikisha akawa anatumiwa matangazo hayo kwa posta au kwa barua pepe. Yaani hata wao, na mitandao yao yote, wameona tovuti peke yake haitoshi, lazima kuwe na kitu kinachotoka ofisini kumfuata mtu.

Ningekuwa mimi naulizwa, na siulizwi, ningesema matangazo ya kuchukua, yaani mirathi, hati, mnada, utwaaji, na wito wa mahakama kwa mtu asiyepatikana, yawekwe kwenye tovuti moja tu ya nchi nzima na sio kila ofisi na yake, yapangwe kwa mkoa wilaya na kata ili mtu wa Korogwe asipekue ya Kigoma, yawe maandishi sio picha, kila moja na namba yake na tarehe isiyoweza kubadilishwa, na itunzwe na mtu ambaye sio mtangazaji. Muda wa pingamizi usianze kuhesabiwa mpaka liwe limebandikwa ofisi ya mtaa au kijiji na mwenyekiti amesaini siku lilipobandikwa. Na ubao wenyewe uangaliwe, maana huu wa kwetu una kioo na kufuli, ufunguo anao mtendaji, mtendaji yuko kikao, ndani ya kioo kuna karatasi za chanjo ya mifugo zimepauka na jua mpaka mhuri umefutika. Redio za mikoani zisome majina, dakika tano jioni baada ya vifo, watu wanasikiliza vifo kuliko hata taarifa ya habari. Na gazeti libaki, tangazo moja la Kiswahili, kwenye gazeti linalofika kweli wilaya husika, kwa bei ambayo serikali na nyie mmekaa mkakubaliana kwa mirathi ndogo.

Hiyo ya mwisho iko mikononi mwenu Mhariri, haisubiri Bunge. Kateni bei ya mirathi za mahakama za mwanzo, ongezeni herufi, yapangeni kwa wilaya, na ukurasa wake usogezeni uwe mgongoni mwa michezo, huko ndo bodaboda wangu wanakofika kila siku. Mkishafanya hivyo mniambie, nitaongeza nakala ninazochukua.

Msomaji wenu,
Mwenye steshenari,
Korogwe, Tanga